Shika mwiko wa lipu hata kabla hujamaliza kusoma

Wasanii wenzangu huniuliza waanze na kipi: utafiti wa historia ya sanaa au kazi ya mikono? Anza vyote kwa pamoja, lakini uvifunge kwenye swali moja dogo. Langu lilikuwa hili: nakshi za lipu kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za nyumba za Lamu za karne ya 18 zilikatwa lipu ikiwa mbichi au ikiwa imekauka?

Vitabu vilinipa msingi. Nilisoma kwamba vyumba vya nyumba zile ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Nikajifunza pia kutochanganya nakshi za lipu na nakshi za matumbawe yenyewe, kazi ya zamani zaidi unayoikuta Kilwa, ambako jiwe lilichongwa likiwa bado laini kutoka baharini. Ila swali langu lilibaki palepale.

Basi nenda ukatazame kwa macho yako. Pale kwenye Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili, Lamu mjini, omba ruhusa, kisha weka tochi ubavuni mwa ukuta ili mwanga uteleze juu ya nakshi. Usipige picha kwanza, chora. Mkono ukichora ndipo jicho linapoona kwamba kisu kililazwa, kingo zimeteremka badala ya kukatwa wima. Tafuta kona, mahali kisu kilipogeuka. Nilizozitazama mimi zilikuwa safi, hazikumeguka. Lipu iliyokauka kabisa humeguka hapo.

Sasa jaribu mwenyewe, na hapa nasisitiza: tumia chokaa. Plasta ya jasi inauzwa kila mahali na ni rahisi, lakini inaganda kwa dakika chache na itakufanya udhani mafundi wale walikuwa wakikimbizana na wakati. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, kwa hiyo kuna nafasi ya kukata, kusimama, kutazama, kukata tena. Ukilijua hilo kwa vidole, zile safu za nakshi zinazojirudia ukuta mzima unaanza kuzisoma kama kazi ya mtu aliyetulia.

Nunua chokaa iliyochomwa tayari, usivunje matumbawe hai ili uyachome, yaache baharini. Ukiizima mwenyewe, yaani kuilowesha hadi iishe kuchemka, tia chokaa ndani ya maji, usimwagie chokaa maji, kwa kuwa huchemka na kuruka. Vaa miwani na glavu. Ukiisha kuizima iache ikae miezi, ikikaa inalainika. Tabaka la chini mimi huchanganya fungu moja la chokaa kwa mafungu matatu ya mchanga, la juu natumia mchanga uliochekechwa vizuri.

Halafu mtafute fundi mzee. Usimwendee na orodha ya maswali. Msalimie, kaa, msaidie kuchanganya, kisha mpe kisu umtazame. Yule niliyekaa naye sikuwahi kumsikia akitaja saa. Alibonyeza lipu kwa kidole gumba: alama ikibaki na kidole kikatoka kikavu, anakata. Nilimwuliza, “Mzee, na ikiwa imeshapita?” Akasema, “Paka upya, mwanangu.” Swali langu la mbichi au kavu likapata hali ya tatu, ile ya katikati. Nikarudi kwenye picha za nyumba za Pate na Siyu, miji ya kale jirani na Lamu, nikiwa na jambo jipya la kutafuta.

Andika kila jaribio: mchanga wa wapi, hali ya hewa, ulikata lini, kingo zilitokaje. Pepo za kaskazi na kusi hazikaushi lipu kwa namna moja, na usipoandika utasahau.

Ukishamudu, acha kunakili. Mimi sasa nakata vibao vidogo vya lipu vyenye ramani za mitaa ya Mombasa, kwa kisu kilekile kilicholazwa. Watafiti wengine huona hapo nimetoka nje ya historia. Mimi naona ndipo inapoanza kunifaa. Ila kila kibao, cha kunakili au cha kubuni, nyuma yake chora kwa msumari jina lako na mwaka lipu ikiwa bado mbichi, ili asitokee mtu akakiuza kama kipande cha nyumba ya kale.