Swali la lugha: "Tufuate Instagram" ni Kiswahili sahihi?

Swali la safari hii limetoka Moshi, kwa dada mmoja anauza viatu vya mtumba pale soko la Memorial. Kaandika hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nimetengeneza bango la biashara yangu, juu jina la duka, chini nikaandika TUFUATE INSTAGRAM halafu jina la akaunti. Juzi bibi mmoja kashuka kutoka Uru kasimama analisoma, akaniuliza, mwanangu kwani mnahama, hiyo Instagram ndo wapi, ni karibu na Mbuyuni? Nikamwelewesha, akaelewa. Ila mdogo wangu yuko chuo anasema kosa ni langu, ningeandika TUFUATILIE. Jirani yangu wa kibanda cha pili yeye kaandika TUFOLO na anasema hajawahi kuulizwa na mtu. Sasa ipi ni sahihi? Na hawa watu elfu tatu wa kwenye akaunti yangu niwaite wafuasi? Mi naona aibu, wafuasi ni wa mitume."

Marahaba mwanangu. Nianze na huyo bibi, maana yeye ndo kanifurahisha kuliko wote, bibi kasoma bango lako vizuri kabisa na hajakosea hata herufi moja. Alichokielewa ndicho Kiswahili kinachosema.

Neno kufuata kwetu halina maana ya kutembea nyuma ya mtu peke yake. Lina kazi nyingine kubwa tunaitumia kila siku bila kuiwaza, kwenda mahali mtu au kitu kilipo. Mtoto anaambiwa nenda kamfuate baba yako shambani, baba hatembei popote, yuko palepale na jembe lake, anayetembea ni mtoto. Unapigiwa simu, mzigo wako umefika njoo uufuate stendi. Sisi huku Arusha tunafuata ndizi Moshi. Saa kumi mama anamfuata mtoto shule. Kwenye mifano yote hiyo kuna kitu kimetulia sehemu na kuna mtu anakiendea, na ukiangalia utaona neno la mwisho linataja sehemu yenyewe, shambani, stendi, Moshi, shule.

Sasa rudi kwenye bango lako. TUFUATE INSTAGRAM. Weka pembeni yake TUFUATE MAJENGO, au TUFUATE MBUYUNI. Si unaona ni sentensi moja ileile? Ndo maana bibi akauliza mmehamia wapi. Mfanyabiashara akibandika "tufuate Mbuyuni" kila mtu anajua huyo kahama kibanda, na bibi kwa maisha yake yote hajawahi kuona neno likikaa pale mwisho bila kuwa jina la mtaa.

Hapa kuna jambo ambalo mimi nalipenda sana kwenye Kiswahili cha mtandaoni na watu hawalizungumzii. Majina ya mahali kwetu hayaombi msaada, unasema naenda Moshi, nipo Tengeru, nakaa Sakina, huweki "kwenye" wala huongezi -ni mwisho. Maneno ya kawaida ndo yanaomba, sokoni, dukani, kwenye grupu. Na hii mitandao sisi tumeipokea kama miji. Tunasema nipo Facebook, nimeiona Insta, kaposti Twitter (wengi bado tunaiita hivyo ingawa imebadilishwa jina kuwa X tangu 2023), ameingia WhatsApp, katoka WhatsApp. Hakuna anayesema Instagramuni, sijawahi kusikia na nina hakika sitasikia. Lakini ukifika kwenye neno grupu mambo yanabadilika, hapo tunasema kaniongeza kwenye grupu, nimejitoa kwenye grupu, kwa sababu grupu ni neno la kawaida kama duka. Hakuna mwalimu aliyewafundisha watu hilo, hakuna kikao kilichokaa, na wote wanalifanya sawasawa. Mtu akiniambia vijana wanaharibu lugha mtandaoni huwa namwonyesha hicho tu.

Kwa hiyo kwa mwenye akaunti bango lako halina shida. Shida ni kwa asiyejua kwamba Instagram si mtaa, na wewe uko Memorial ambako wanapita watu wa kila rika, wanafunzi wa chuo na mabibi wa Uru na Kibosho wanaokuja kuwatafutia wajukuu viatu vya shule. Dawa yake ni ndogo, weka neno ukurasa katikati. "Tufuate kwenye ukurasa wetu wa Instagram." Hapo hata asiyeijua Instagram anajua ni kitu chenye kurasa, kitu cha kusoma, hawezi kuuliza kiko karibu na wapi. Neno akaunti nalo linafaa, ila mi napenda ukurasa, maana akaunti kwa watu wengi bado inanukia benki.

Tuje kwa mdogo wako wa chuo. Naye ana hoja, asidharauliwe. Fuatilia imetoka kwa fuata lakini imenyooshwa mara mbili, fuata, fuatia, fuatilia, na kwa Kiswahili kitenzi kikinyooshwa mara mbili hivyo mara nyingi kinapata uzito wa kuendelea, wa kutoachia. Angalia shika na shikilia. Ukiambiwa shika kamba unaishika tu, ukiambiwa shikilia kamba usiiachie mpaka uambiwe. Ndivyo ilivyo fuata na fuatilia. Unafuatilia deni, unafuatilia mirathi, mzazi anafuatilia maendeleo ya mtoto shuleni, redioni wanakwambia endelea kufuatilia matangazo yetu. Kote huko kuna kurudi na kurudi tena.

Sasa kile kitufe cha Instagram kilichoandikwa Follow kinakuomba nini? Kinakuomba kitendo kimoja, unabonyeza mara moja umemaliza. Hicho ni kufuata. Kinachokuja baada ya hapo, kila asubuhi kuangalia huyu dada leo kafungua belo la namna gani, hicho ndo kufuatilia. Kuna watu wamekufuata mwaka juzi na hawajakufuatilia hata siku moja, na kuna mwingine anakufuatilia kila jioni na hajabonyeza chochote. Kwa hiyo maneno yote mawili ni sahihi, ila hayasemi kitu kimoja, na kwenye bango unachoomba ni kile kitendo cha kwanza. Nichague mimi, nabaki na TUFUATE.

Halafu fuatilia ina kivuli chake. "Acha kunifuatilia" ni maneno ya ugomvi. Mtu akiambiwa anafuatilia maisha ya watu hajasifiwa. Kwenye bango la biashara kivuli hicho hakionekani sana, ila kwenye ujumbe wa mtu mmoja kwa mmoja kinaonekana, ukimwandikia mteja "naona unanifuatilia sana" anaweza akakublok. Fuata nayo ukiirudia inaharibika, kumfuatafuata mtu ni jambo jingine kabisa.

Kuhusu jirani yako wa TUFOLO. Mi sina ugomvi na maneno ya kuazima, kuposti, kuchati, kukomenti, kushea, hayo yameshakaa na yamekaa vizuri kwa sababu yamekuta benchi lipo tayari. Tuna kusafiri, kujibu, kusamehe, kufikiri, vyote tulivipokea zamani kutoka Kiarabu na vyote haviishii na -a kama vitenzi vyetu vya asili, na leo ukimwambia mtu kujibu si Kiswahili atakushangaa. Kuposti kamekaa palepale pembeni ya kusafiri. Tena kananyumbulika vizuri, nipostie biashara yangu, picha yangu imepostiwa, usiniposti bila ruhusa.

Folo haijafika hapo. Jaribu kuinyumbua uone. Wamenifolo, sawa inasemeka. Nimefoloiwa? Ulimi unakataa. Mfoloji? Hapana. Kila ukitaka kwenda mbele kidogo inabidi urudi kwa fuata, na fuata inakupa kila kitu, fuatwa, fuatana, fuatilia, mfuasi, mfuatiliaji. Kuongea na vijana wenzako semeni folo, hakuna ubaya. Ila jirani yako anaposema hajawahi kuulizwa asifikiri ndo kaeleweka. Yule bibi alikuuliza wewe kwa sababu bango lako lilimwambia neno analolijua. La jirani alilipita tu kama tunavyopita maandishi ya Kichina kwenye boksi la vyombo. Anayekuuliza bado ni mteja, yule aliyepita kimya huyo umeshamkosa.

Sasa wafuasi. Hapa mwanangu nakuelewa, na sikio lako ni zuri. Neno lenyewe limetengenezwa kwa utaratibu wa zamani sana, ile -t ya fuata ikikutana na -i ya mwisho inageuka -s, mfuasi. Ni utaratibu uleule uliotupa mpishi kutoka pika, mlinzi kutoka linda, mwandishi kutoka andika. Na maneno ya jinsi hii mengi yanataja mtu ambaye jambo limemwingia hadi likawa sehemu yake. Mpikaji ni yeyote aliyepika leo, mpishi ni kazi yake. Kwa hiyo mfuasi si mtu aliyebonyeza kitufe, ni mtu aliyeshika njia ya mtu, ndo maana tunalisikia kanisani na kwenye mikutano ya vyama, wafuasi wa Kristo, wafuasi wa chama fulani.

Lilifikaje mtandaoni? Facebook ilipoanza 2004 mambo yalikuwa urafiki, unatuma ombi, mwenzako anakubali, mnakuwa marafiki pande zote mbili. Halafu ikaja Twitter 2006 na Instagram 2010, na kule unaweza kumfuata mtu asiyekujua na asiyekufuata. Urafiki hauwezi kuwa wa upande mmoja, kwa hiyo neno rafiki likagoma, tukatafuta neno la upande mmoja, na wafuasi ndo lilikuwa karibu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotoka mara ya kwanza 1981 hayo yote hayakuwepo, maana hii mpya tumeijaza sisi watumiaji wenyewe. Mimi silipigi vita, mtu akisema msanii fulani ana wafuasi milioni tano naona liko mahali pake, maana kwa msanii kweli kuna watu wameshika njia, wanavaa kama yeye na wanagombana kwa ajili yake.

Ila wa kwako wananunua raba. Ukiwaambia "wafuasi wangu wapendwa leo kuna mzigo mpya" inasikika kama mahubiri, na aibu unayoisikia ni ya haki. Waite wateja. Hata ambaye hajanunua bado, ukimwita mteja umemkaribisha tayari. Ukitaka kutaja namba tu, kwamba ukurasa una watu wangapi, sema "tunafuatwa na watu elfu tatu", inatosha.

Bango jipya mi ningeliandika hivi, na ningetanguliza mahali ulipo, maana wenye macho ya kusoma bango wako palepale sokoni: "Tunapatikana hapa hapa Memorial, kila siku." Mstari wa chini yake: "Mzigo mpya uone kwenye ukurasa wetu wa Instagram", halafu jina la ukurasa, halafu namba ya simu kwa tarakimu kubwa kwa ajili ya kina bibi. Neno tunapatikana ndilo watu wanalitumia kwenye matangazo ya redio tangu zamani na halimchanganyi mtu. Nimeona vibao vingine hapa mjini karibu na mnara wa saa vimeandikwa "Tupate Instagram", hiyo usiige, tupate kwa Kiswahili ni kama unamwambia mtu akukamate, au kama hujamaliza kusema, tupate nini?

Na kwenye posti zako naomba kitu kimoja kingine ingawa hukuuliza. Usiandike "bei DM", yaani bei mpaka mtu akutumie ujumbe wa faragha. Andika bei. Kama kweli lazima mteja akuandikie, mwambie "bei tuulize kwa ujumbe", hapo umeongea na mtu.

Ukishabadilisha bango nitumie picha. Mwisho wa mwezi nitakuwa Moshi, nitapita hapo Memorial kufuata raba za binti yangu, namba 38, kama zipo niwekee.