Maswali na majibu: usukani unapokataliwa kwenye kona

SWALI: Habari mwalimu. Naishi Uingereza, nina Mazda MX-5 ya kawaida kabisa. Nimeshaingia mara moja uwanja wa Brands Hatch, ile njia fupi ya Indy, siku ya madereva wasio wa mashindano. Kona ya Druids inanishinda: nakunja usukani, gari linakwenda nje, naongeza, ndiyo kwanza halisikii. Mikono niiweke vipi? Na wenye kasi wanaonifuata nyuma niwapishe wapi?

JIBU: Kwanza punguza usukani, usiongeze. Tairi ya barabarani hushika vizuri zaidi inapoelekea nyuzi chache tu pembeni ya njia ambayo gari linapita, kwa kawaida kati ya 6 na 10. Ukizidisha, mshiko unashuka na tairi inabaki kusugua lami. Usukani wa magari mengi madogo una uwiano wa karibu 15 kwa 1, kwa hiyo ukiongeza nyuzi 60 kwa hofu umeipinda tairi nyuzi 4 zaidi. Hizo nne zinatosha kuitoa tairi pale inaposhika.

Dalili utaipata mikononi kabla ya machoni: usukani unakuwa mwepesi ghafla. Hapo legeza mafuta kidogo, rudisha usukani nyuzi 10 hadi 20, subiri pua ya gari ishike, ndipo ukunje tena. Kurudisha usukani huku unasogea nje kunatisha, lakini ndiko kunakoirudishia tairi uwezo wake. Usiachie mafuta yote kwa mkupuo. Uzito utakimbilia mbele, mkia utabaki mwepesi na gari litazunguka. Paddock Hill, kona ya kwanza ya uwanja huu, ni pabaya zaidi kwa hilo, kwa sababu njia inaporomoka chini wakati bado umekunja kulia.

Lakini kosa lenyewe mara nyingi limeshafanyika mita kadhaa nyuma. Druids ni kona ya kulia iliyojikunja sana, na unaifikia ukipanda. Dereva mgeni hufunga breki vizuri gari likiwa limenyooka, kisha huziachia ghafla na kukunja usukani papo hapo. Springi za mbele zinafunguka, pua inanyanyuka, na uzito unaondoka kwenye tairi zilezile anazozitaka zigeuze gari. Achia breki polepole kadiri usukani unavyoingia: mguu ukitoka kidogo, mkono unaingia kidogo. Anza kukunja kwa kuchelewa kuliko unavyotamani, uguse ukingo wa ndani ukiwa umeshavuka katikati ya kona. Mafuta ya kutokea yaongezeke kadiri usukani unavyonyooka.

Mikono ikabiliane, mmoja kushoto na mwingine kulia, katikati ya usukani, bila kuukaba. Sogeza kiti hadi kifundo cha mkono kikae juu kabisa ya usukani huku mabega hayajaachana na kiti. Kona nyingi utazimaliza bila kuhamisha mikono, na faida yake ni kwamba gari likiteleza unajua mara moja magurudumu ya mbele yanatazama wapi. Kama Druids inakulazimu kupishanisha mikono, uhamishe mkono wa kulia juu kabla ya kukunja, kisha uvute chini kwa mwendo mmoja. Kubabaisha mikono katikati ya kona kunaitikisa tairi ambayo tayari iko ukingoni mwa uwezo wake.

Kuna kosa moja la usukani linaloharibu magari kuliko yote. Magurudumu mawili yakishuka kwenye nyasi wakati wa kutoka kona, usiyavute kurudi. Nyasi hazishiki, kwa hiyo utakunja sana bila kuona kitu. Tairi zikigusa lami tena zitashika zote kwa pamoja na kulirusha gari upande wa pili, mbele ya wenzako. Nyoosha usukani, legeza mafuta, liache gari lishuke lote ikibidi. Ukirudi, rudi polepole baada ya kuangalia wanaokuja. Na kama limeshazunguka, kanyaga klachi na breki kwa nguvu ulishikilie hapo hapo, ili wa nyuma wajue pa kupitia.

Kuhusu kupishana, kwenye siku nyingi za aina hii Uingereza anayepita hupita kushoto, sehemu iliyonyooka, na kwa ridhaa ya anayepitwa. Maelekezo mnayopewa uwanjani asubuhi ndiyo sheria, hata kama yanatofautiana na haya. Sehemu zilizonyooka za Brabham Straight na Cooper Straight ndipo penye nafasi. Tazama vioo kila unapomaliza kona, toa indiketa kama ulivyoelekezwa, baki kwenye mstari wako na ulegeze mafuta. Wengi husahau hilo la mwisho. Anayetoa ishara ya kupitwa kisha akakanyaga mafuta anamfikisha mwenzake kwenye kona wakiwa bega kwa bega. Ndani ya kona usimpishe mtu, hata akikuwashia taa. Anayetarajia ukwepe ghafla katikati ya Paddock Hill ndiye mwenye kosa.

Bendera ya njano: punguza mwendo, hakuna kupita. Bluu: kuna mwenye kasi nyuma yako. Nyekundu: punguza taratibu bila kukanyaga breki ghafla, urudi piti, yaani sehemu ya magari kusimama kando ya njia. Mzunguko wa mwisho endesha polepole breki zipoe, na ukiegesha weka gia, usivute breki ya mkono zikiwa bado za moto.