Mbu kandokando ya maandishi

SWALI: Wahariri, salamu kutoka Kadutu, Bukavu. Nahariri video za harusi na kwaya. Majina ya maharusi nayaandika kwa herufi nyeupe juu ya picha ya Ziwa Kivu. Kwenye kompyuta yanaonekana safi, lakini nikishatuma video, kila herufi inazungukwa na vidoti vinavyochezacheza. Je, kamera ni mbovu?

JIBU: Kamera haina kosa, ndugu yetu, herufi hizo hazikupita kwenye lenzi. Wahandisi wa video wameipa kasoro hii jina la mbu, kwa jinsi inavyozungukazunguka ukingo bila kutulia.

Programu ya kubana video hukata picha kuwa miraba midogo. Katika MPEG-2, mtindo wa zamani wa kubana video, mraba una pikseli (nukta za picha) 8 kwa 8; H.264, mtindo ulioufuata, hutumia 4 kwa 4 au 8 kwa 8. Badala ya kuandika mwanga wa kila pikseli, huandika kiasi cha mawimbi, mapana na membamba, ambayo yakijumlishwa yanarudisha picha. Hesabu hiyo Nasir Ahmed na wenzake waliichapisha mwaka 1974. Maji yaliyotulia yanatosheka na wimbi moja au mawili. Ukingo wa herufi nyeupe hudai karibu mawimbi yote, hasa yale membamba, kwani ndiyo yanayofuta mikunjo ya yale mapana. Biti, yaani data ya kuandikia picha, zikiwa chache, mawimbi membamba ndiyo hutupwa kwanza. Mikunjo inakosa wa kuifuta, inamwagika ndani ya mraba hadi kwenye maji matupu. Na kwa kuwa makadirio hubadilika fremu hadi fremu, vidoti vinacheza. Herufi hizohizo zikiwa juu ya majani ya migomba, usingeviona kwa urahisi.

Jambo la kwanza ni kubana mara moja tu. Hariri kutoka faili asili za kamera, usichukue video iliyokwisha kutumwa ukaibana tena. Katika HandBrake, programu ya kubana video, chagua H.264, kisha weka RF (kipimo cha ubora) kati ya 18 na 20; namba ikipungua, ubora unapanda. Kushuka hatua 6 hukaribia kuongeza uzito wa faili mara mbili, kwa hiyo usikimbilie 12. Ukipenda kupanga kasi ya biti, video ya 1080p (picha yenye mistari 1080) ya fremu 30 kwa sekunde ipe megabiti 8 kwa sekunde, yaani kama megabaiti 60 kwa dakika. Mega zikiwa haba, shusha hadi 720p wewe mwenyewe: biti zilezile zitagawiwa pikseli zisizofika nusu, na kila ukingo utapata haki yake. Video safi ya 720p ni bora kuliko 1080p yenye mbu.

Kwenye WhatsApp itume kama hati. Ukiituma kama video inabanwa upya, na ubora ulioulinda unapotea.

Upande wa herufi, chagua nene, lainisha ukingo kwa pikseli 1, ongeza kivuli laini. Herufi nyembamba zenye vikia ndizo huumia zaidi. Na tafadhali, usiandike kwa nyekundu juu ya buluu! Video za kawaida huhifadhi sampuli moja ya rangi kwa kila pikseli 4, hivyo ukingo unaotegemea rangi peke yake utachujuka hata biti ziwe tele.

SWALI: Mimi niko Bagira. Televisheni yangu inaonyesha mstari mweupe kuwazunguka wachezaji. Nao ni mbu?

JIBU: Tazama kama mstari unatetemeka. Ukitulia, ukiwa na upana uleule kila mahali, aghlabu ni televisheni yenyewe inayokoleza kingo. Fungua mipangilio ya picha, tafuta Netteté (ukali wa picha), ushushe kidogokidogo hadi mstari utoweke. Kwenye baadhi ya televisheni picha asili iko kwenye 0, kwenye nyingine iko katikati. Fuata jicho, si namba. Kukoleza huko hukuza na mbu pia, kwa hiyo utapona maradhi mawili kwa dawa moja.