Uwanja mzuri wa gofu unapimwaje? Jibu refu kwa dogo wa Moshi

Wiki iliyopita dogo mmoja wa Moshi kanitumia meseji saa tano usiku, ndefu kweli. Ana handikapu 14 (yaani idadi ya mikwaju anayopunguziwa kwenye raundi kulingana na uwezo wake, ikiwa ndogo ndo mkali), mwakani anataka kuingia mashindano ya ridhaa, na anasema wametoka kubishana klabuni mpaka wamenuniana. Wenzake wanasema gofu ni ladha, kila mtu na uwanja wake, hakuna mzuri wala mbaya, yeye anasema lazima kipimo kiwepo maana kama hakipo tunahesabu mikwaju ya nini. Akamalizia, "Kaka we umecheza miaka mingi, niambie ukweli, kuna uwanja bora au ni maneno ya watu tu?"

Nikamjibu mistari miwili nikazima simu, lakini usingizi haukuja, kwa sababu hilo swali lina historia na mimi na naona leo niiseme yote.

Mi nilianza gofu kwa kubeba. Nilikuwa kedi Moshi nina miaka 13, begi la fimbo begani, shikamoo mzee, marahaba twende, na kwa kubeba nilijifunza vitu ambavyo hakuna mwalimu angenifundisha. Nilijua kila shimo (kwenye gofu shimo ni njia nzima, kuanzia pa kupigia mpaka kwenye kitundu) kwa hatua zangu, nilijua masika nyasi ikinyonya maji mpira unadondoka na kulala hapo hapo, na kiangazi mpira ule ule unatembea hatua thelathini zaidi, nilijua grini ipi, ile sehemu ya nyasi fupi yenye kitundu, inadanganya asubuhi mlima ukiwa umefunguka, maana macho yanavutwa huko juu na unasahau mteremko uliopo chini ya miguu yako. Miaka ya katikati naruka, ni mazoezi, kazi, mazoezi. Nikafika handikapu 7. Kwa mtoto aliyeanza kwa fimbo mbili za kuazima, handikapu 7 siyo kitu kidogo na sitaona haya kusema hivyo.

Sasa ikaja siku ya kuchagua timu ya kwenda mashindano. Nilikuwa nimefika mapema nimevaa fulana mpya. Majina yakasomwa, langu halipo, nikamfuata mmoja wa waliokuwa wanachagua nikamuuliza kwa heshima zote, akanijibu mbele ya watu kwamba handikapu yangu ni ya mashimo tisa, huko nyumbani kwenu uwanja ni mwepesi, huku ungepigwa. Basi. Miaka imepita, nimeshaoa, nina watoto, na bado nikikumbuka ile sauti tumbo linakaza.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa anaongelea kitu chenye namba, ila hakuwa na namba hata moja mkononi. Wadau naomba tuelewane hapa vizuri. Ugumu wa uwanja UNAPIMWA. Waliopimiwa viwanja vyao wana namba mbili, ya kwanza ni reitingi, inayosema mchezaji wa handikapu sifuri anatarajiwa kupiga mikwaju mingapi pale, ya pili ni slopu, inayosema mchezaji wa kawaida anaumia kiasi gani zaidi kuliko huyo mkali. Slopu inaanzia 55 mpaka 155, na 113 ndo ya kawaida. Tangu 2020 dunia inatumia mfumo mmoja wa handikapu, wanachukua raundi zako 20 za mwisho, wanabakiza 8 bora, halafu ukienda uwanja wa watu handikapu yako inageuzwa kulingana na uwanja huo. Mtu wa 12.0 kwenye slopu ya 113 anabaki na 12, akienda kwenye slopu ya 140 anapewa kama 15 (na hapo bado hujagusa tofauti ya reitingi). Kwa hiyo swali la "uwanja wenu mwepesi" lina hesabu yake, na siyo la kujibiwa kwa kuangalia mtu katoka wapi. Na mashimo tisa unayacheza mara mbili kupata raundi kamili ya 18, mara nyingi kwa kubadilisha sehemu ya kuanzia, Moshi Club ni tisa, Arusha Gymkhana ni tisa, na watu wametokea humo wakajua mpira kwelikweli.

Ila sasa, na hili ndo lilinichukua muda kulikubali, nilizishika zile namba kama silaha. Nikaanza kuamini uwanja mgumu ndo uwanja mzuri, basi, tumemaliza. Hata Wamarekani walipita njia hiyo, gazeti la Golf Digest lilipoanza kutoa orodha yake mwaka 1966 liliorodhesha viwanja 200 vigumu zaidi, baadaye ndo wakaanza kuulizia mambo mengine, mashimo yanatofautiana kiasi gani, yanakaa kichwani kiasi gani, uzuri wake kwa macho. Na wale wanaopima reitingi na slopu wenyewe, ukiacha urefu, wanaangalia vikwazo kumi, mchanga, miti, nyasi, maji, mteremko na kadhalika, na cha kumi unajua ni nini? Saikolojia. Yaani woga. Shimo linakutisha kiasi gani ukisimama pale kabla hujapiga, na wao wanaupa huo woga namba. Aisee niliposoma hilo mara ya kwanza niliiweka simu chini.

Sasa ungamo. Miaka miwili iliyopita nilienda kucheza uwanja mmoja upande wa Arusha, siutaji, na nikapiga 93. Mimi! Kwenye shimo moja peke yake, la kumalizwa kwa mikwaju minne, nilipiga nane. Kuna mfereji unakatiza kwa mshazari, nikataka kuuruka kwa fimbo ndefu, mpira majini, nikarudia kwa hasira, majini tena. Jioni nikaandika makala hapa hapa kwamba ule uwanja umechorwa ovyo, mfereji uko mahali siyo, aliyeuweka hajui gofu. Mkai-share sana, mkanisifu, na mimi nikajisikia vizuri.

Miezi michache baadaye nikarudi pale, nikapangiwa kucheza na mama mmoja mtu mzima, handikapu yake 34. Tulipofika kwenye shimo langu la balaa, yeye hakuutazama hata ule mfereji. Akalenga kushoto kwenye mjakaranda, taratibu, sehemu ambayo mfereji uko karibu na ni mwembamba, wa pili akauvuka kirahisi, wa tatu, wa nne akawa grini, akamaliza na sita. Toa mikwaju miwili anayopewa na handikapu yake hapo, kacheza sawasawa na kiwango cha shimo. Nikamwambia mama hongera, akasema, "Mwanangu hili shimo nalipenda kuliko yote, linaniachia njia."

Linaniachia njia. Nikasimama pale nikaliona shimo upya. Ule mshazari uliwekwa makusudi, kadiri unavyotaka kukata kona kulia ndivyo unavyoruka maji mengi zaidi, kadiri unavyokwenda kushoto ndivyo unavyolipa kwa urefu, kila mtu anachagua kipande chake kulingana na uwezo na moyo wake. Alister MacKenzie, yule daktari aliyeacha udaktari akachora viwanja, ambaye baadaye alichora Augusta National pamoja na bingwa wa Kimarekani Bobby Jones, alishaandika tangu 1920 kwamba mpigaji dhaifu lazima aachiwe njia nyingine, hata kama itamgharimu mkwaju. Shimo nililoliita ovyo lilikuwa linafuata kanuni ya miaka mia.

Na huyo Bobby Jones mwenyewe, mwaka 1921 alienda St Andrews kule Scotland kwenye The Open, yale mashindano makubwa ya Uingereza, raundi ya tatu mambo yakamharibikia, kufika shimo la 11 akanasa mchangani, akaacha mashindano. Mwaka 1927 akarudi uwanja ule ule akachukua kombe kwa mikwaju 285, na 1958 mji ukampa heshima ya kuwa mwenyeji wao. Uwanja ulikuwa pale pale, aliyebadilika ni Jones.

Kwa hiyo dogo, jibu langu ni hili. Mtu akikwambia hapendi mtori huwezi kumwambia amekosea, hapendi, yameisha. Hiyo ndo ladha. Lakini mimi nilisema lile shimo ni baya na NILIKOSEA, na mama wa handikapu 34 alinionyesha kwa mpira nilipokosea. Kama mtu anaweza kukosea na akaonyeshwa, basi hapo pana ukweli zaidi ya ladha, hata kama hakuna fomula ya kuuandika kwenye kadi. Mikwaju inahesabika. Ugumu unapimwa. Ubora unahojiwa kwa sababu, na sababu zinashindana, nyingine ni za kweli na nyingine ni hasira ya mtu aliyepiga 93.

Mnaouliza mfanye nini, fanyeni hivi. Usihukumu uwanja kwa raundi moja, hasa raundi mbaya, rudi. Rudi masika, rudi kiangazi. Utembee bila fimbo, uanzie kwenye grini urudi nyuma mpaka pa kuanzia, ukigeuka kila baada ya hatua mia ndo utaona mchoraji alikuwa anakuuliza nini. Cheza na mtu dhaifu kuliko wewe, umwangalie anapita wapi. Nendeni Kili Golf pale karibu na Usa River, mashimo 18 aliyoyachora David Jones wa Ireland Kaskazini, halafu rudini kwenye tisa zenu za nyumbani mkaulize maswali yale yale, na msikubali mtu awaambie cha nyumbani si kitu kabla hajakitembea. Vijana wengi mnaogopa kusema uwanja wa tajiri una shimo baya na mnaona aibu kusema uwanja wenu una shimo zuri, acheni hiyo. Semeni, ila semeni na sababu.

Ile makala yangu ya miaka miwili iliyopita sijaifuta, nimeweka juu yake maneno kwamba nilikosea na kwa nini. Yule mama nilimpigia nikamsomea, akacheka akaniuliza lini tunarudi.

Na dogo, Jumamosi hii saa kumi na mbili asubuhi nipo Moshi. Fimbo acha nyumbani. Tutaanzia grini ya tisa tunarudi nyuma, na huyo mwenzako aliyenuna mwambie naye aje.