Kanuni ya Imani ilianzia kwenye maji ya ubatizo

Ndugu Mhariri, juma hili mmetuuliza: maneno ya Kanuni ya Imani tunayoyatamka kanisani yalitoka katika Maandiko, au yaliazimwa kwa wanafalsafa wa Kigiriki? Mimi ni katekista, na vijana wa kipaimara huniuliza jambo hilihili, hasa wakishasikia mtaani kwamba Yesu "alifanywa Mungu kwa kura" mwaka 325, kwenye Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu. Jibu langu ni kwamba maneno hayo yalitoka kwanza vinywani mwa watu waliokuwa wakibatizwa na kusali. Falsafa iliitwa baadaye, tena shingo upande.

Katika desturi ya kale ya Roma, anayebatizwa aliulizwa maswali akiwa ndani ya maji. Unamsadiki Mungu Baba Mwenyezi? Nasadiki. Akazamishwa. Unamsadiki Kristo Yesu, Mwana wa Mungu, aliyezaliwa, akasulibiwa, akafufuka? Nasadiki. Akazamishwa tena. Akaulizwa juu ya Roho Mtakatifu, akajibu, akazamishwa mara ya tatu. Hapo ndipo zilipotoka sehemu tatu za Kanuni, na chanzo chake ni agizo la Bwana mwishoni mwa Injili ya Mathayo, la kubatiza kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Hata karne ya tano ilipoanza, Mtakatifu Augustino kule Hippo aliwakataza wakatekumeni wake, yaani waliojiandaa kubatizwa, kuiandika popote. Walitakiwa waishike kwa moyo.

Sentensi ya kwanza ina mizizi mirefu zaidi. Myahudi alisali kila siku, "Sikiza, Ee Israeli, Bwana Mungu wetu, Bwana ndiye mmoja." Paulo, aliyelelewa katika sala hiyo, aliwaandikia Wakorinto kwamba kwetu sisi kuna Mungu mmoja, Baba, ambaye vitu vyote vimetokana naye, na Bwana mmoja, Yesu Kristo, ambaye kwa yeye vitu vyote vimekuwapo. Weka aya hiyo kando ya Kanuni ya Nisea, "Mungu mmoja... Bwana mmoja", na utaona kwamba mifupa ni ileile. Barua hiyo imeutangulia mtaguso kwa zaidi ya miaka 250.

Na Ponsyo Pilato anafanya nini ndani ya Kanuni? Mwanzoni mwa karne ya pili, Inyasi, askofu wa Antiokia, akipelekwa Roma chini ya ulinzi kwenda kuuawa, aliwaandikia Wakristo wa Tralles kwamba Yesu alizaliwa kweli, alikula na kunywa kweli, aliteswa kweli wakati wa Pilato. Walikuwapo waliodai kwamba mwili wake ulikuwa kivuli tu. Jina la liwali wa Kirumi lilifunga mdomo wa dai hilo: mateso haya yana tarehe na yana mahali. Mimi nalipenda jina hilo lilipo, ingawa linatajwa kwa uchungu.

Sasa Nisea. Ario, padre wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, bora kuliko vyote lakini kiumbe, na kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwako. Maaskofu walipokutana, walitaka kumjibu kwa maneno ya Biblia peke yake. Atanasi, aliyekuwapo akiwa shemasi wa askofu wake, ameeleza kilichotokea. Walipopendekeza kwamba Mwana "atoka kwa Mungu", wale wa upande wa pili walikubali upesi: hata sisi tumetoka kwa Mungu, maana vitu vyote vyatoka kwake. Walipopendekeza "mfano wa Mungu" na "nguvu ya Mungu", wenzao wakanong'onezana na kukonyezana: mwanadamu naye ameitwa mfano wa Mungu, na katika kitabu cha nabii Yoeli, kwa tafsiri ya Kigiriki, hata nzige wameitwa nguvu kuu ya Mungu! Kila neno la Maandiko lilipata mlango wa nyuma.

Ndipo likaja neno la Kigiriki "homousios", ambalo Misale yetu inalisema "mwenye umungu mmoja na Baba". Halimo katika Biblia, na wengi lilikuwa likiwakera. Wagnostiki, wazushi wa kale waliodai kuwa na elimu ya siri, walikuwa wamelitumia, na inasemekana maaskofu waliokutana Antiokia mwaka 268 walilikataa. Eusebi, askofu wa Kaisaria, alitia sahihi Kanuni hiyo, kisha akawaandikia waumini wake kuwaeleza kwa nini. Aliwahakikishia kwamba Kaisari Konstantino mwenyewe alisema neno hilo halina maana ya Mungu kugawanyika kama mwili. Watu wanaotunga dini mpya hawaandiki barua za namna hiyo. Neno la Kigiriki lilichukuliwa ili Maandiko yasipindwe. Na kuhusu kura: yapata mwaka 112, Plinio, liwali wa mkoa uleule wenye mji wa Nisea, alimwandikia Kaisari Trajano kwamba Wakristo hukutana alfajiri na kumwimbia Kristo kama Mungu. Vijana wangu nawasomea barua hiyo kwanza, ndipo tunaanza kujadili mengine.

Kanuni ya mwaka 325 iliishia kwa maneno "na kwa Roho Mtakatifu", basi. Mabishano yaliendelea zaidi ya miaka hamsini, na Atanasi, ambaye sasa alikuwa askofu wa Aleksandria, alifukuzwa jimboni mwake mara tano. Kisha ukaja ubishi juu ya Roho, kama naye ni Mungu. Askofu Basili Mkuu alilaumiwa kwa kusali "utukufu kwa Baba, pamoja na Mwana, pamoja na Roho Mtakatifu". Akajitetea kwamba hatuwezi kumtenga katika sifa yule tuliyebatizwa kwa jina lake. Alifariki kabla ya Mtaguso wa Konstantinopoli wa 381, lakini hoja yake ilishinda. Maaskofu hawakumwita Roho "homousios". Waliandika kwamba anaabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana. Yale maneno "na Mwana" tunayoyasema tukikiri kwamba Roho atoka kwa Baba, yaliongezwa baadaye huku Magharibi, na Waorthodoksi hadi leo hawayatamki. Hilo nadhani linastahili swali la juma jingine.