Picha zako za Eyasi: anza na wenyewe

Ndugu, umeuliza zile picha ulizopiga mwaka 1998 kwa Wahadzabe, jamii ya wawindaji na warina asali wa karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, uziweke mtandaoni au uzirudishe Eyasi. Zirudishe kwanza. Mimi nilipeleka za kwangu miaka michache iliyopita, na lililonishangaza ni kwamba watu hawakutazama sana nyuso. Walitazama nyuma ya nyuso! Mzee mmoja aliweka kidole kwenye mbuyu mmoja akataja nani alikuwa akirina asali pale. Mwingine akanionyesha pori ambalo leo ni mashamba ya vitunguu ya Mang'ola. Mimi nilidhani nimepiga picha ya mwindaji na upinde wake, kumbe nimepiga picha ya ardhi. Na ardhi ndiyo habari yenyewe: mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya kimila, yaani ya kumiliki ardhi kwa desturi, ya eneo lao, baada ya kubanwa miaka mingi na wakulima na wafugaji.

Kwa hiyo usikate kingo za picha unapoziskani. Chapisha nakala za karatasi, simu si kila mtu anayo. Kambi huhama, basi tafuta mwenyeji wa Karatu au Mang'ola anayejua nani yuko wapi. Kama nyuma umeandika "Watindiga", jina walilopewa na majirani, sahihisha. Na uulize kabla ya kumwonyesha mtu picha ya marehemu wake. Mimi sikuuliza, nikaona aibu.

Za watoto usizipandishe kabisa mpaka wakubali wenyewe, sasa ni watu wazima.