Papa anayetembea juu ya mwamba

Kwa ndugu aliyeuliza kama ni kweli kuna papa anayeweza kutembea juu ya mwamba, jibu ni ndiyo, ingawa mwendo wenyewe ni wa kujikongoja. Huyo ni Hemiscyllium ocellatum, papa mdogo wa pwani ya kaskazini mwa Australia na kisiwa cha Guinea Mpya, ambaye urefu wake hufikia takriban mita 1, na ambaye hutambulika kwa doa kubwa jeusi lenye ukingo mweupe lililo nyuma ya kila pezi la kifua.

Maji yanapokupwa usiku, vidimbwi vinavyobaki juu ya matumbawe huishiwa oksijeni, kwa sababu viumbe vilivyonaswa humo huendelea kupumua ilhali mwani hautengenezi oksijeni gizani. Samaki wengi huondoka mapema, lakini yeye hubaki: mapigo ya moyo wake hupungua, mishipa ya ubongo hutanuka ili damu iendelee kufika, na anaweza kustahimili ukosefu kamili wa oksijeni kwa muda wa saa 1 hivi. Hapo huwinda minyoo na kaa bila washindani wengi, na dimbwi likikauka hujivuta kwa mapezi yake manne hadi jingine.

Jike hutaga mayai, kwa kawaida mawili kwa mara moja, nayo huanguliwa baada ya takriban miezi 4. Kwa binadamu hana hatari, ijapokuwa akishikwa huweza kung'ata, na sidhani kama anastahili kulaumiwa kwa hilo.